Mimi na Mama Mkwe Tulivyokwenda Kuchagua Nyumba ya Kubadilishana

Walimu wenzangu, tangu nirudi kila anayenikuta ofisini ananiuliza kama nyumba tuliipata. Nikijibu kwamba tuliipata mnatazamana na kucheka, maana kuna mengine mmeyasikia sokoni. Basi nimeketi niandike safari yote ilivyokuwa.

Likizo zangu mnazijua. Tangu niolewe hakuna hata moja iliyopita bila msiba, harusi au mavuno kule Tukuyu kwa wakwe. Nikifungua shule huwa nimechoka kuliko nilivyofunga. Kwa hiyo tulipokuwa kwenye semina Iringa na kusikia kwamba wako walimu wanaobadilishana nyumba wakati wa likizo, wewe ukakaa kwangu na mimi nikakaa kwako, vyombo vipo na vitanda vipo, moyo wangu uliruka. Wawili walinikaribisha palepale. Mmoja ni Mwalimu Yustina wa Nyololo. Mwingine ni Mama Hilda wa Iringa mjini, ambaye nyumba yake nilikuwa nimeiona kwa nje tu, na tangu siku ile niliiota.

Shida ilikuwa moja. Baba mkwe alifariki mwaka juzi, na mume wangu, Baba Lusajo, akamleta mama yake kuishi nasi hapa Mbeya. Yeyote atakayekaa kwetu Desemba atakuwa anakaa na Mama. Baba Lusajo akasema, "Likizo hii ya Juni nenda na Mama mkawaone hao watu. Akiwapenda yeye, na mimi nimewapenda." Alimweleza Mama yeye mwenyewe, jioni, huku akipiga viatu rangi. Nilimsikia akisema, "Mama, tunatafuta nyumba ya kubadilisha, utakwenda na Mama Lusajo mkaione." Mama akajibu, "Haya, mwanangu." Hakuuliza neno.

Mbeya hadi tambarare ya Usangu

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali hata konda alikuwa amejifunga blanketi. Mimi nilikuwa na mfuko mmoja, mchele kidogo wa Kyela na sukari ya zawadi, maana sukari mnajua ilivyo siku hizi. Mama alikuja na mkungu wa ndizi, kapu, na furushi kubwa lililomshinda hata kulinyanyua.

"Mama, tunakwenda siku chache tu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini vitu vya mtu ni vizuri viwe alipo."

Nikadhani ni mambo ya wazee. Konda akalipandisha juu ya basi, tukaondoka.

Tulishuka milima vizuri, lami ikiwa bado nyeusi na laini, tukaingia joto la bondeni. Tulipoipita Chimala, basi likaanza kutoa moshi mbele kama chungu cha maharage. Dereva akafungua rejeta, akaruka nyuma. Maji hakuna. Tukashuka wote, tukatafuta vivuli, na vivuli navyo vilikuwa vichache.

Waliotuokoa ni familia moja ya wafugaji, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao. Mume alikwenda na makopo kutafuta maji pamoja na konda. Mkewe akaketi nasi, akatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Mama alikunywa akafumba macho.

"Kwetu tulikuwa na ng'ombe," akamwambia yule mama. "Mume wangu alipokufa wakagawana ndugu zake."

"Hawakukuachia hata mmoja?"

"Ningemfungia wapi? Niko mjini." Kisha akawatazama wale wenye pembe ndefu wakila majani makavu. "Lakini hawa wenu nao, maziwa wanayaweka wapi? Naona pembe tu."

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Iringa, kuangalia nyumba. Akamgeukia Mama. "Na wewe pia?"

"Mimi napelekwa," Mama akasema.

Nililisikia neno hilo, likapita. Basi lilipopata maji na kuunguruma, nilikuwa nawaza tu kama tutafika kabla jua halijazama.

Nyololo

Tulifika jioni, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nyololo kwa Juni si mahali pa kushuka na sweta moja. Yustina alikuwa anatusubiri barabarani na blanketi mkononi, akamfunika Mama kabla hajamwamkia.

Nitasema ukweli kuhusu nyumba yake. Ni ya matofali ya udongo, bati limetoboka chumba cha pembeni, choo kiko mbali bondeni, na jogoo wao anawika akijisikia, si kwa kufuata alfajiri. Nikajiambia moyoni: asante Mungu, ya Iringa ipo.

Nako kulikuwa na mama mkwe. Anaitwa Bibi Agata, Mhehe, mrefu, ameshika jiko kama mwenye mamlaka yake. Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, na cha Mama yangu hakizidi hapo sana anapochoka. Chakula kikaletwa: ugali wa moto, maharage, na njegere za maziwa. Bibi Agata akamsogezea Mama sahani. Mama, kwa jinsi alivyolelewa, mgeni hakubali mara ya kwanza. Akainamisha kichwa, akasema, "Nimeshiba, mama." Anataka abembelezwe mara mbili, tatu, ndipo anawe.

Bibi Agata akaichukua sahani, akaondoka nayo.

Sijawahi kumwona Mama ametazama kitu kwa huzuni kama alivyoitazama sahani ile ikienda. Nilishindwa kujizuia. Nikamweleza Yustina kwa sauti ndogo, Yustina akamtafsiria mama mkwe wake, na yule bibi akarudi na sahani, akaketi mbele ya Mama na kumwambia kwa Kiswahili chake: "Kwangu, hapana ni hapana. Ndiyo ni ndiyo. Unakula?"

"Ndiyo," Mama akasema haraka.

Wakacheka wote wawili, na tangu hapo hawakuachana. Walikaa pembeni mwa moto wakiulizana majina ya vitu. Bibi Agata anaonyesha mwiko, anautaja Kihehe. Mama anautaja Kinyakyusa. Wanabishana ni nani anayeuita vibaya.

Asubuhi, kabla hatujamaliza chai, akabisha hodi balozi wa nyumba kumi, Mzee Kaduma. Amevaa koti na kofia, uso wa mtu aliyetumwa na serikali. Akakataa kiti kizuri, akakaa kwenye benchi.

"Mwalimu Yustina," akaanza, "nimesikia kwamba wewe na huyu mgeni mnataka kubadilishana nyumba."

"Ndiyo, mzee," Yustina akasema. "Desemba."

"Na waume zenu wanajua?"

"Wanajua na wamekubali," nikajibu mimi. "Wangu ndiye aliyenihimiza nije."

Mzee Kaduma akavua kofia, akaiweka magotini. "Amekuhimiza. Na watoto watakwenda upande upi?"

"Watoto tunakwenda nao," Yustina akasema.

"Kwa muda gani?"

"Wiki tatu tu. Kisha kila mtu anarudi kwake kama zamani."

"Kama zamani," mzee akarudia. Akatazama sakafu. "Mimi nina nyumba mbili, na mke wa tatu aliniacha mwenyewe. Lakini kuziazima, hata siku moja sijawahi kufikiri. Na wewe mama mzee," akamgeukia Mama, "mwanao atabadilishiwa nyumba, umekaa kimya?"

Hapo ndipo Yustina alipoelewa. Akaweka kikombe chini, akacheka. "Mzee, ni nyumba hii. Ya matofali. Kuta na bati. Mimi na mume wangu tutalala kwake Mbeya, yeye na mume wake watalala hapa."

Mzee Kaduma akalitazama paa. Kisha akavaa kofia yake. "Bati hilo limetoboka," akasema. "Mlizibe kabla mgeni hajaja." Akaondoka zake, lakini hakuharakisha kuwasahihisha aliokwisha kuwasimulia, na naona habari ilipanda malori ikafika Mbeya kabla yangu. Hiyo ndiyo mliyoisikia sokoni.

Iringa

Kutoka Nyololo tulipata basi lisilo na ugomvi. Mama aliketi dirishani. Furushi lake safari hii alilipakata, akakataa lipandishwe juu. Nilipomwonyesha mawe makubwa yaliyokaa juu ya vilima karibu na mji, aliitikia tu kwa kichwa.

Nyumba ya Mama Hilda ilikuwa vile nilivyoiota, na zaidi. Sakafu ya saruji nyekundu inang'aa hata unajiona. Bomba ndani. Viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Baraza inayotazama bonde, na chini kabisa mto unameta. Mama Hilda, ambaye ni karani katika ofisi za elimu za mkoa na mumewe husafiri sana, alitupokea kwa heshima na adabu. Sina la kumlaumu. Alinionyesha chumba kwa chumba, na mimi tayari nilikuwa najiona pale barazani na kitabu, hakuna anayejua jina langu, hakuna anayekuja kusema fulani amefariki.

Nyuma, karibu na jiko, kulikuwa na chumba kidogo safi, kitanda kimoja na dirisha. Mama Hilda akasema kwa wema, "Hiki kingemfaa mtu mzima. Hakuna ngazi, na jua la asubuhi linaingia."

Tukaendelea na bomba na taa. Mama hakuja nasi. Niliporudi kumtafuta, nilimkuta amefungua furushi juu ya kitanda. Alikuwa amekwisha kutundika gauni lake la kanisani kwenye msumari. Biblia yake iko dirishani. Picha ya Baba mkwe, ile iliyokuwa imefungwa kwenye kitambaa tangu alipokuja kwetu, ameisimamisha karibu na mto wa kulalia. Alikuwa anakunja kanga, polepole, akizipanga mguuni mwa kitanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Napanga," akasema bila kugeuka. "Wewe nenda, mwanangu, usije ukakosa basi. Msalimie Baba Lusajo. Mwambie pana jua na pana dirisha. Asiwe na wasiwasi."

Nikaketi kwenye kile kitanda.

"Nani alikuambia unabaki hapa?"

"Hakuna aliyeniambia. Mwanangu alisema mnatafuta nyumba ya kubadilisha. Nyumba mnayo, nzuri, ya nini kuibadilisha? Nikafikiri, nikaona cha kubadilishwa ni mimi." Akalainisha kanga kwa kiganja. "Sikukasirika. Mna watoto, nafasi ni ndogo. Nilikuwa naomba tu iwe kwa yule wa Nyololo. Lakini hapa nako ni pasafi."

Nilijaribu kumweleza. Likizo, Desemba, wiki tatu, watu kuja kwetu na yeye kuwepo palepale. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza daktari anayemficha ugonjwa. Akasema, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ileile aliyomjibia mwanawe siku ya viatu. Nikajua hajaniamini. Nikajua pia kwamba miezi yote aliyokaa kwetu, alipokuwa akifagia uwanja kabla hatujaamka na kula kilichobaki, hakuwa anatusaidia. Alikuwa mgeni anayeogopa kufukuzwa.

Mama Hilda akatuita chai. Tukakaa, Mama pembeni mwangu, mikono magotini. Mama Hilda akazungumza vizuri, kwa uwazi, kama mtu anayepanga jambo lake.

"Kwa upande wetu nyumba ni yenu Desemba yote mkitaka. Nina ombi moja tu. Sisi tukija Mbeya tungependa tuwe peke yetu, unajua jinsi mtu anavyotaka kupumzika. Mama mzee kwa hizo wiki angekwenda kwa ndugu, au akaja hapa pamoja nanyi."

Lilikuwa ombi la haki. Wiki moja kabla ningelikubali. Nilitazama lile bonde mara moja tu, maana nilijua silioni tena.

"Mama Hilda," nikasema, "nyumba yako ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuingia. Lakini yetu hatuwezi kuitoa bila Mama. Kule ni kwake. Sisi wengine ndio tunaokaa kwake. Yeye hahami kwa ajili ya mgeni, wala kwa ajili yetu."

Sikumtazama Mama nilipokuwa nasema. Niliogopa nitalia kwenye vitambaa vya watu.

Mama Hilda akafikiri kidogo. "Basi hatuelewani kwa hilo tu," akasema, na hakununa. "Afadhali kujua leo kuliko Desemba."

Nikasikia kikombe kikisogezwa mezani.

"Mama Lusajo," Mama akasema, "niongezee chai. Na sukari iwe ya kutosha. Kule Nyololo waliniwekea kidogo."

Tangu aje kukaa nasi hakuwahi kuniomba kitu, hata maji. Nikammiminia mpaka juu.

Kurudi kwa njia ileile

Mama yule aliyekaa kimya tulipokuwa tunakwenda, sijui tulimwacha wapi. Njia nzima aliongea. Aliyakosoa yale mawe, akasema aliyeyapanga vile hakuwa na haraka. Alimuuliza dereva ana watoto wangapi na kwa nini anakunja uso. Alimlisha ndizi abiria wa kiti cha nyuma, ambaye alikataa mara ya kwanza, na Mama akamwambia kwamba kuna mahali kukataa hivyo kunamlaza mtu njaa.

Tukashuka Nyololo kumpa Yustina jibu. Nilimwambia tunaitaka nyumba yake kama bado ipo, pamoja na jogoo.

"Lakini Bibi Agata hatoki," Yustina akasema kwa wasiwasi. "Mtakaa naye. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

"Na wangu hatoki," nikasema. "Mtakaa naye."

Tukashikana mikono kama watu waliomaliza kesi. Ndani tuliwakuta wale wazee wawili wanamenya maharage kwenye ungo mmoja, wanabishana tena kwa lugha mbili. Nilipomwambia Mama ajiandae, basi la Mbeya litapita karibuni, hakuinuka.

"Mama Lusajo, huko kwetu kuna kazi gani inayonisubiri?"

"Hakuna, Mama."

"Na chumbani mwangu hakuna atakayelala?"

"Hakuna."

"Basi mimi nakaa hapa kidogo. Huyu amenialika." Bibi Agata aliitikia kwa kichwa kwa nguvu: ndiyo ni ndiyo. "Nilipodhani sina kwangu, nisingeweza kukaa kwa mtu hata siku moja. Sasa ninapo. Naweza kutembea."

Nilimwachia sweta langu na sukari iliyobaki. Alinisindikiza hadi barabarani na Bibi Agata, wote wamejifunika blanketi moja, na hawakungoja basi lipotee ndipo wageuke. Walikuwa na maharage ya kumalizia.

Mbeya

Nilifika mchana. Baba Lusajo alikuwa amesimama stendi na baiskeli, tayari kulibeba lile furushi. Aliwatazama wanaoshuka mmoja mmoja. Nilishuka mimi. Akaendelea kutazama mlango. Konda akaufunga.

"Mama yuko wapi?" akauliza, na uso wake ukabadilika.

"Yuko likizo."

"Likizo gani?"

"Likizo, Baba Lusajo. Ile niliyokuwa naitaka mimi. Amechukua yeye."

Nikamsimulia palepale, tumeiegemea baiskeli, watu wakipita. Nilipofika kwenye chumba kile cha Iringa na picha ya baba yake, aligeuka akawa anaikagua breki ya baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote. Aliikagua muda mrefu.

"Atarudi lini?" akauliza mwishowe.

"Hakusema. Amesema ukimkumbuka sana uende ukamwone. Lakini ubishe hodi kwanza, usije ukamkuta amelala."